Nyekundu Alikuwepo Ukumbini

Niliota usiku wa jana kwamba keki imenipigia simu.

Sikushangaa sana. Ndotoni mtu hushangaa vitu vidogo, vikubwa anavipokea tu. Kilichonishangaza ni kwamba keki ina namba yangu, halafu nikakumbuka namba yenyewe imeandikwa kwa herufi kubwa ukutani mwa studio yangu hapa Msamvu, Morogoro, chini ya maneno FULGE VIDEO, TUNANG'ARISHA KUMBUKUMBU ZAKO. Keki yoyote inayopita barabarani inaweza kuisoma.

"Wewe ndiye Fulgensi Mkude, fundi wa rangi?" ikauliza.

"Ndiye mimi."

"Mimi ni keki ya sendofu ya Skolastika. Nilikuwa rangi ya maziwa. Wewe umenifanya bluu. Watu wakiangalia video wanadhani nimeoza."

"Pole. Ni taa za ukumbi zile."

"Usisingizie taa. Njoo huku, kamati imeshaanza kikao na ajenda ni wewe."

Ikakata simu. Keki haina adabu ikikasirika.

Niseme kwanza kazi yangu, maana watu wengi wanadhani video ikishapigwa basi imekwisha. Haijaisha. Kamera ina macho ya haraka na inakosea kama binadamu. Mimi hukaa mbele ya skrini nikaweka mambo sawa: gauni jeupe liwe jeupe, wali uwe wali, ngozi ya mtu iwe ngozi ya mtu. Sasa ukumbi wa sendofu ya Skolastika Lukali ulifungwa taa za zambarau tupu, kwa sababu sare ya kamati ilikuwa zambarau, na inaelekea walitaka hata hewa ivae sare. Kwenye video hiyo ukoo mzima unaonekana umetumbukia kwenye juisi ya zabibu.

Lakini juisi ningeivumilia. Kilichoninyima raha ni Mzee Batazari, baba yake Skolastika. Binti alipoingizwa ukumbini kwa muziki, anakuja kuwaaga wazazi wake kabla ya ndoa, kama ilivyo desturi ya sendofu, kiti cha baba pale meza kuu kilikuwa kitupu. Ndugu wakasema mzee amesusa, kwa kuwa hakupenda binti yake aolewe mbali, kule Songea. Yeye mwenyewe hakusema lolote, wala binti hakuthubutu kumuuliza. Kabla sijamaliza kuitengeneza video, presha ikamwondoa mzee duniani.

Skolastika alirudi kuzika. Baada ya msiba akaja studio, kitambaa cheusi kichwani. "Kaka Fulge," akasema, "nitafutie baba humo ndani. Nataka tu kujua kama kweli aliondoka."

Kuna kipande kimoja, kifupi, kamera inapita kwenye kona ya spika wakati ule ule binti anaingia. Gizani kuna kitu kinasogea. Nikapandisha mwanga mpaka ukagoma. Nilichopata ni chenga, zile chenga za televisheni ambayo antena yake imeangushwa na upepo. Jana jioni nikamwambia Skolastika kwamba haonekani mtu. Hakulia. Alisema, "Haya kaka, asante," akafunga mlango polepole, na mimi nikatamani angeubamiza.

Kwa hiyo nililala vibaya, na keki ikapiga.

Naingia ukumbini. Kamati imekaa meza kuu, kila mjumbe na soda yake. Mwenyekiti ni Nyeupe. Amevaa suti nyeupe, viatu vyeupe, na ukimtazama kwa muda macho yanaanza kutiririka. Keki imekaa upande wa katibu, bado bluu, haitaki kuniangalia.

Mbele ya meza amesimama Shangazi Foromena, dada yake marehemu. Huyo ni mtu kabisa, hata mchana huwa ananipigia.

"Mwenyekiti," anasema, "naomba ning'arishwe kidogo. Humo kwenye video nimetoka mweusi mpaka wifi yangu kanipita bila kunisalimia."

"Ombi limepita," anajibu Nyeupe.

Shangazi anaanza kupaa. Kila akiongezwa mwanga anapanda juu kidogo, miguu inaning'inia, kandambili moja inaanguka kwenye bakuli la pilau.

"Inatosha, shangazi?" nauliza kutoka chini.

"Ongeza kidogo!"

Sasa dari ya ukumbi ule ina sheria. Kitakachoigusa kinakatwa, na kilichokatwa hakirudi. Sheria hiyo naijua vizuri, ndiyo inayonipa ugomvi na maharusi kila wiki. Shangazi anagusa dari. Linaondoka paji la uso, zinaondoka nyusi, inaondoka pua. Hakuna damu wala kelele. Palipokuwa na uso pamekuwa peupe tu.

"Shangazi, umebaki kilemba na hereni."

"Lakini nimetoka?"

"Umetoka."

Ninamvuta kwa pindo la kitenge mpaka anakanyaga chini, nikidhani akishuka na uso utashuka naye. Haushuki. Mahali pake panakuwa kama sahani isiyooshwa vizuri, kijivukijivu, haina kitu. Namgeukia Mwenyekiti, naye anainua mabega.

"Kwangu mimi vitu havirudi," anasema. "Sina pa kuviweka."

"Basi nitatumia uso wa mdogo wangu," anasema Shangazi Foromena, "tunafanana." Akaenda kutafuta kandambili.

Nyeupe anagonga chupa ya soda kwa kijiko. "Ajenda ya pili. Mzee Batazari Lukali. Napendekeza naye apandishwe, ili tumwone."

Nikitazama ile sahani ya shangazi najua kabisa ataishia wapi. "Mwenyekiti," nasema, "hebu nimtafute kwanza huko huko aliko."

Hapo anasimama Kijani. Amevaa koti la kijani, ana kalamu tatu mfukoni, na anaongea kama mtu aliyezoea kupewa kipaza sauti. "Nifuate mimi," anasema. "Jambo lolote la mwanga huulizwa kwangu kwanza. Hata mashine zako, Fulge, zinanisikiliza mimi kuliko hawa wengine."

Ni kweli. Kipimo cha mwanga cha kompyuta yangu humwamini Kijani kuliko rangi nyingine zote. Na mimi, kazi yote hii ya kumtafuta mzee, Kijani ndiye nilikuwa namuuliza. Nikamfuata bila shaka yoyote.

Tunashuka ngazi nyuma ya jukwaa. Ngazi zinashuka, zinashuka, mara nagundua ni ngazi za nyumba ya bibi yangu kule Matombo, ambayo haikuwahi kuwa na ngazi. Chini kuna stoo. Mlangoni, kwenye kreti la soda, amekaa mama mmoja mnene, funguo kiunoni, anachambua mchicha katika giza totoro na hakosei hata jani moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na tochi?"

"Hapana."

"Haya, kaa. Mimi ni Mama Weusi. Kila mtu anayeshuka hapa anakuja na tochi, ananimulika usoni, halafu anarudi juu kusema hakuna kitu. Nani kakwambia hakuna kitu? Wanaopoteza vitu ni wale wa juu. Mimi natunza. Unamtafuta nani?"

"Mzee Batazari Lukali."

"Yupo."

Amelitamka neno hilo kama anavyotamka mwenye duka kwamba chumvi ipo.

"Yupo," anarudia, "lakini simtoi hivi hivi. Nataka shahidi aliyemwona siku ile, anieleze alivyokuwa. Nikitoa mtu kwa maelezo ya kubahatisha, atatoka mtu mwingine."

"Mimi nipo," anasema Kijani.

"Alivaa nini?"

Kijani anatia mkono mfukoni, anatoa chenga, anazimwaga sakafuni. Zinarukaruka. "Alivaa kama hivi," anasema.

"Alikuwa amesimama au amekaa?"

Anamwaga chenga nyingine. Zinaniingia puani, napiga chafya. Mama Weusi anaweka mchicha chini.

"Kijani baba, ukumbini uliingia?"

Anakohoa. Anapanga kalamu zake upya. "Kuingia hasa," anasema, "sikuingia. Taa zilikuwa zambarau. Zambarau ni Nyekundu na Bluu wakikaa pamoja, mimi sina kiti hapo. Sikualikwa. Nilikaa nje na mlinzi, nikawa nasikia muziki."

"Na haya yote unayonisimulia?" namuuliza.

"Ya kusikia," anasema Kijani. "Mlinzi alikuwa mtu mwelewa."

Hasira zilizonipanda, nilitaka kumvua lile koti. Nimemwamini, nimempandisha, nimemwambia binti wa watu kwamba baba yake haonekani, kumbe shahidi wangu alikuwa getini anakula karanga!

Tunamwita Bluu. Bluu aliingia, hilo anaapa, lakini maskini anatetemeka mwili mzima, hata glasi ya maji hawezi kuishika. "Nilimwona," anasema huku meno yanagongana, "ila palikuwa na wazee wengi mahali pa mzee mmoja, na wote wanacheza."

"Wanacheza?"

"Au ni mimi nilikuwa nacheza. Samahani."

"Huyu naye hapana," anasema Mama Weusi. "Hakuna mwingine aliyekuwepo?"

Kabla sijajibu, stoo imekuwa soko. Ni mchana, kuna jua, na matenga ya nyanya yamepangwa mpaka barabarani. Nyanya zote ni za kijivu.

"Ndiye huyu!" anapiga kelele mwanamke mmoja mwenye nyanya. "Ndiye Fulge wa Msamvu! Jamani, tangu huyu amfunge Nyekundu mdomo, nani anajua nyanya mbivu ni ipi? Wateja wanabonyezabonyeza mpaka zinapasuka!"

"Mimi sijamfunga mtu," nasema.

"Na yule pale?"

Nikatazama. Juu ya tenga lililopinduliwa amekaa mtu mfupi mpana, shati jekundu, amefungwa skafu mdomoni. Skafu ni yangu, ile ninayovaa studio baridi ya mlima ikishuka. Anasema mmh, mmh, mmh, bila kupumzika.

Hapo nikaelewa. Siku ya kwanza tu nilipoifungua video ile, Nyekundu alikuwa anapiga kelele kila pahali, nyuso zinaonekana zimeungua. Fundi yeyote wa sherehe za kwetu, na kumbi zetu hizi, kitu cha kwanza anachofunzwa ni hicho: ukikuta taa za zambarau, mpunguze Nyekundu upesi, kisha endelea na kazi. Nikampunguza. Alipozidi kusema nikampunguza tena, mpaka pakawa kimya, na mimi nikajisifu.

Namfungua skafu. Nyanya zote sokoni zinaiva papo hapo, akina mama wanapiga vigelegele, bei inapanda.

"YUPO NYUMA YA SPIKA!" anafoka Nyekundu. "Nimesema tangu siku ya kwanza! Mmh mmh mmh ndiyo maana yake! Yupo nyuma ya spika!"

"Utamjuaje, na kulikuwa giza?"

"Wewe fundi wa namna gani? Mimi nakaa chini ya ngozi ya kila mtu. Mweusi, mweupe, Mchina, watu wa Songea, mlango ni ule ule mmoja. Palipo na taa yenye tone langu, ngozi inaniitikia. Koti la mzee sikuliona vizuri, kiti sikukiona, lakini uso wake niliuona kama ninavyokuona. Tatizo hamkuniuliza. Mlisema nina kelele."

"Una kelele."

"Ninazo. Twende."

Soko linakunjwa kama mkeka na tumerudi mbele ya Mama Weusi. Anamuuliza alikuwaje. Nyekundu anaeleza mashavu, kovu dogo juu ya jicho, mikunjo ya shingo, mpaka mshipa wa pembeni ya paji la uso unaotuna mzee akifurahi. Mama Weusi anachagua ufunguo.

"Ingia na huyu peke yake," ananiambia. "Wengine watasubiri hapa, wanisaidie mchicha."

Ndani ni kona ya ukumbi. Spika ni refu kunizidi, linanguruma. Kila kitu ni giza isipokuwa ngozi, na ngozi yenyewe inatoka gizani taratibu, kwanza pua, kisha mashavu. Mzee Batazari Lukali anacheza. Yuko peke yake, anacheza ile ya zamani ya kukanyaga kwa nguvu na kutikisa mabega, machozi yanamtoka, na anacheka. Kiatu kimoja amevaa, kingine amekishika mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Wewe ndiye wa picha?"

"Wa rangi. Mzee, mbona uko huku? Kiti chako kipo wazi na watu wanasema umesusa."

"Nisuse sendofu ya Skola?" Anashangaa kwa dhati. "Sikiliza. Kamati iliniambia baba mzazi anakaa mezani, anatulia, anaonekana mzito. Nikakaa. Viatu vipya vinanibana, koo linanibana. Nikasikia wimbo wake wa kuingia, nikajua nikibaki pale nitalia mbele ya wakwe mpaka nitie aibu. Nikasema nije huku kwanza nilie, nimalize, nirudi mzito. Nimekuja kulia, miguu imekataa. Inacheza."

"Hukukasirika?"

"Songea ni mbali, hilo sifichi. Lakini mtu akiwa na mtoto kama yule, unafikiri kuna pa kuweka hasira?"

Nyekundu anachukua skafu yangu, anajifuta machozi.

Mlango unafunguka na mwanga mkali unaingia, nyuma yake Mwenyekiti. "Nimesikia amepatikana!" anasema Nyeupe. "Vizuri. Nipishe, nimng'arishe, aonekane hadi nje."

Nasimama mlangoni, nimetanua mikono. "Hapana, Mwenyekiti."

"Hapana?"

"Utamkata uso. Binti yake anautaka wote."

Sijawahi kumkatalia Nyeupe. Maisha yangu yote ya kazi yeye huomba na mimi natekeleza, kwa sababu wateja wako upande wake. Nyeupe ananitazama, anatazama viatu vyake, anaonekana mdogo kuliko nilivyodhani.

"Hata meno?" anauliza.

Namwangalia mzee anavyocheka. "Meno sawa," nasema.

Nyeupe ananyata, anagusa meno ya Mzee Batazari kwa ncha ya kidole, na tone moja kwenye kila jicho, kisha anajirudisha nyuma ameridhika. Alikuwa fundi kumbe, akipewa kazi ndogo.

Nje muziki unapanda. Mshereheshaji anatangaza kwamba binti anaingia.

"Huyo! Anakuja huyo!" anasema mzee. "Kijana, nishikie kiatu, nataka mikono miwili."

Ananipa kiatu, anaanza kupiga makofi juu ya kichwa chake. Kiatu kina joto. Mimi nataka kumtazama vizuri nisije nikasahau, na sijui kiatu nikiweke wapi, kwa hiyo nakiweka juu ya spika, kisigino kikielekea ukutani.

"Mimi si kabati," linasema spika.

"Dakika moja tu," nalijibu.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia chumbani. Sikunawa uso. Nilivuka uani na bukta yangu ya kulalia, nikaingia studio, nikawasha kompyuta na kufungua kile kipande cha kona. Nilimzima Kijani. Nilimzima Bluu. Nyekundu nilimrudishia sauti yake yote, nikamwacha peke yake kwenye skrini.

Picha ikawa haina rangi, ya kijivu kama picha za kitambulisho za zamani. Na gizani, taratibu, kwanza pua, kisha mashavu, mtu akatoka. Nilitoka nje nikazunguka tanki la maji, nikarudi, bado yupo. Nikaanza kumvalisha. Rangi ya ngozi niliiazima kwenye sehemu ya mwanzo ya video, alipokuwa akipokea wageni mlangoni kwenye mwanga wa jua. Giza la pembeni sikuligusa. Mwanga niliongeza kwenye meno na machoni, basi. Nilifanya kazi huku nalia, na sioni sababu ya kuficha. Kisha nikampigia simu Skolastika nikamwambia aje, nisimweleze zaidi.

Alikuja, akakataa kukaa. Nikachezesha kile kipande. Kamera inapita, inafika kona ya spika, na pale yupo Mzee Batazari, mikono juu ya kichwa, anapiga makofi, analia na kucheka kwa pamoja, huku anaangalia mlango ambao binti yake anaingilia.

Skolastika aliweka kiganja kwenye skrini. Kwa kawaida huwa nagombana na watu wanaogusa skrini.

"Hakuondoka," alisema.

"Hakuondoka."

"Alikuwa ananiangalia mimi."

"Wewe tu, dada."

Alilia, safari hii alilia vizuri, kwa sauti, mpaka jirani anayeuza chipsi akachungulia dirishani akaona ajirudie zake. Kisha akafuta uso kwa kitambaa, akainama tena karibu na picha, akakunja paji la uso.

"Kaka Fulge, hebu simamisha hapo. Baba ana mguu mmoja wa soksi. Kiatu chake kile pale, juu ya spika. Nani kakiweka juu hivyo?"

Nilisogea. Kiatu cha kahawia, kipya, kilikuwa juu kabisa ya spika, mahali ambapo mzee na ufupi wake ule asingefika hata kwa kuruka. Kisigino kilielekea ukutani.

"Mimi," nikasema.

Akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu arudi kuzika. Akavuta kiti, akakaa, akaniambia nirudishe mwanzo.